Sura ya Tisa: Koti la Pasaka

Mvua ilikatika Ijumaa saa mbili na robo asubuhi, baada ya kunyesha siku mbili mfululizo bila haya. Inspekta Argiro Vrulaki alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo kidogo cha polisi cha Plataniska tangu kulipopambazuka, ameyakodolea macho mawingu juu ya mlima Kedros, na kahawa ilikuwa imeshapoa mkononi mwake.

"Jua likitoka tunaye," alisema.

"Na lisipotoka?" Sajenti Sifis alikuwa nyuma yake akimenya yai jekundu la Pasaka, la nne tangu aamke.

"Lisipotoka, saa tisa alasiri gari linakuja kumchukua Stratis kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Na wapwa wa marehemu watakuwa kwenye kona ya chini wakimngoja na bunduki. Tutazika wawili wiki moja. Acha mayai, utavimbiwa."

Kutoka chumba cha mahabusu ilisikika sauti nzito ya Stratis: "Afande! Mke wangu amekamua kondoo?"

"Amekamua," alijibu Sifis.

"Wote?"

"Wote mia mbili na ishirini. Na kwa kila kondoo mmoja amekutukana tusi moja."

"Huyo ndiye mke wangu," ilisema sauti.

Kesi yenyewe, jinsi wakubwa wa mjini walivyoiona, ilikuwa nyepesi. Jumanne baada ya Pasaka, Mwalimu Anestis Drakakis, mzee wa miaka sabini na minne aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma, alikutwa amekufa chini ya genge, kisogo kimepasuka. Juu ya genge hilo kuna shamba la majani ambalo mzee alilizungushia uzio wa waya kwa mikono yake, kuzuia mbuzi na kondoo wasile maua ya mwituni aina ya okidi. Mita tatu kutoka kwenye maiti palikuwa na fimbo ya Stratis mchungaji. Na Jumamosi Kuu, mbele ya mkahawa mzima, Stratis alikuwa ameapa kwamba ataung'oa uzio ule na kuutupa gengeni pamoja na mwenyewe. Fimbo, kiapo, genge. Wakubwa walitosheka.

Argiro hakutosheka hata kidogo. Fimbo ile ilichongwa na babu yake Stratis, na mtu aliyemjua Stratis alijua kwamba angemsahau mkewe njiani kabla ya kuisahau fimbo. Tena kulikuwa na vitumbua vya jibini. Dada wa marehemu, Bi Polixeni, alisema asubuhi ya Jumanne kaka yake alifunga vinne kwenye kitambaa kabla ya kupanda mlimani. "Anestis hula viwili," alisema. "Viwili vilikuwa vya mgeni." Mgeni gani, hakumtaja. Na Stratis hakuwa mtu wa kualikwa vitumbua na mwenye uzio.

Alhamisi yote ilipotelea kwa wachimbaji wa viazi vya okidi, wale wanaovikausha na kuvisaga unga wa kinywaji cha moto. Gari lao lilionekana karibu na shamba. Kumbe tangu Jumatatu walikuwa ndani huko Heraklio kwa kupigana wao kwa wao. Argiro alirudi amelowa mpaka mfupani, akakaa na daftari kumi na moja za marehemu, akasoma hadi akalijua ua la okidi aliloligundua mzee kuliko alivyomjua mume wake wa kwanza.

Ua lenyewe ni dogo, la kahawia, lina manyoya kama mahameli na doa la samawati katikati. Halina asali. Linachofanya ni kudanganya: linatoa harufu ya nyuki jike na kuvaa manyoya yake. Nyuki madume hutoka ardhini wiki kadhaa kabla ya majike, wakipita na kurudi kwenye ukingo wa udongo wakitafuta mke. Dume akilinusa ua, hulirukia na kulikumbatia, kisha huondoka na vifuko viwili vya chavua vimemganda tumboni karibu na mkia, na mke hana. Akidanganywa na ua la pili, chavua hubaki huko, na mbegu hupatikana. "Hajifunzi," Mwalimu aliandika pembeni. "Mpaka majike halisi watoke mwisho wa Aprili. Hapo ndipo anaona aibu."

Kwenye daftari la mwisho palikuwa na mstari ambao Argiro aliupigia alama: *Ukitaka kumjua nyuki wa ua hili, usimfukuze. Vaa ua, kasimame kwenye ukingo. Yeye atakujia.*

Na katika orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye maiti, karani alikuwa ameandika: *Koti, mfuko wa kifua: jani bovu, moja.* Argiro alikuwa ameufungua mfuko wa nailoni akatazama. Halikuwa jani.

"Tarehe ngapi leo?" aliuliza.

"Ishirini na tano."

"Zimebaki siku mbili tatu za hao nyuki madume wajinga. Twende kwa Bi Polixeni kwanza."

*

Bi Polixeni aliwafungulia akiwa amevaa nyeusi mpaka kidole gumba, unga wa shayiri umemjaa mikononi. Alikuwa anaoka. Mazishi yalikuwa jana, na watu wangekuja.

"Kristo kafufuka, mama," alisema Argiro.

"Kweli kafufuka, mwanangu. Kaeni. Huyu kijana wako mbona amekonda?"

Sifis, ambaye suruali ilikuwa ikimbana, alikaa haraka karibu na sahani.

"Mama, jana uliniambia kaka yako alikuwa akitumia tanuri lako," alisema Argiro. "Nilikuwa nimelowa, sikukusikiliza vizuri. Niambie tena."

"Si kwa maua yake! Okidi ni mbishi kukauka. Ukiibana kwenye karatasi tu, inageuka nyeusi kama majani ya chai. Basi nikishatoa mikate mikavu, tanuri likiwa na joto la kuisha, yeye anaingiza karatasi zake. Usiku kucha. Asubuhi ua limekauka na rangi yake iko vilevile. Nyumba yote inanuka shayiri na ua. Nimegombana naye miaka arobaini." Alijifuta macho kwa kiwiko, akajipaka unga. "Wiki ya kabla ya Matawi alikausha mawili, pacha. Moja nililipeleka posta mimi mwenyewe Jumatatu Kuu, na barua yake nene kwa wachapishaji. La pili akalificha kwenye kasha la mikate. Akasema, Polixeni, mtu asilione hili mpaka Jumapili ya Tomaso."

"Jumapili hii."

"Hii."

"Mama, kuna mtu amefungwa."

Bi kizee alijipangusa unga mikononi. Kisha alikwenda kwenye kasha, akaondoa mikate mikavu safu mbili, akatoa karatasi ngumu iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Argiro aliifungua juu ya meza. Ua lilikuwa limelala pale na kahawia yake yote na doa lake la samawati, kama limechumwa jana. Chini yake palikuwa na kibandiko kwa mwandiko wa shule ya msingi, ulionyooka: jina jipya la Kilatini, mahali, tarehe, na jina la mchumaji, A. Drakakis.

Argiro alisoma jina mara mbili. Kisha akamgeuzia Sifis.

"*Ophrys leandri*," alisoma Sifis taratibu. "Leandri. Leandros? Huyu Daktari wetu?"

Chini kulikuwa na mstari wa kalamu ya risasi: *Kwa Leandros Fokas, mwanafunzi wangu, aliyeniletea ua la kwanza ndani ya kofia yake akiwa na miaka tisa.*

Sifis aliweka chini kitumbua chake. "Basi bosi, tumekwisha. Ulitaka kumkamata Fokas, sivyo? Nani anamuua mtu aliyempa jina? Hawa watu wa maua, mtu hawezi kulipa ua jina lake mwenyewe, wanaona ni aibu. Lazima akupe mwingine. Mzee amempa zawadi ambayo hata mfalme hanunui. Fokas angembusu miguu."

Ilimuuma Argiro, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu jana alikuwa na mtu mmoja tu kichwani: Dakta Leandros Fokas, mzaliwa wa hapa, mtaalamu wa mimea huko Athene, aliyekuja mazishini akalia kuliko wapwa. Nani mwingine angepanda genge lile kwa ajili ya ua? Na alikuwa na sababu, au Argiro alidhani anayo. Anayelichapisha ua jipya kwanza, jina lake hulifuata jina la ua milele, katika kila kitabu. Fokas alikuwa ameshatangaza hotuba yake ya mwezi Mei: *Okidi Mpya ya Krete*. Sasa sababu hiyo ilikuwa imelala mezani, imekauka, na ina jina la mshukiwa wake.

Aliketi. Alikula mkate mkavu mzima.

"Mama," alisema hatimaye. "Wewe ulijua jina hili?"

"Mimi? Hakuniambia. Jina halitajwi kabla ya ubatizo."

"Hili ni ua, mama."

"Kwake ilikuwa yaleyale. Alikuwa baba wa ubatizo wa watoto sita kijiji hiki, yeye ndiye hutoa jina, na hakuna mama hata mmoja aliyelipata jina mapema. Wanakaa nje ya kanisa, roho juu, mpaka watoto wakimbie kuwaletea jina. Wengine siku hizi wanaambiana kwa simu miezi kabla. Anestis, hata umchome moto. Ukimwuliza, anakucheka tu: utalisikia kwenye beseni la ubatizo."

"Na kama Leandros angemwuliza?"

"Angemcheka zaidi. Leandros alikuwa kama mwanawe."

Argiro alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Nje, kwenye uwanja wa mawe, kivuli cha mtini kilikuwa kimeanza kuonekana.

"Fokas hakujua jina," alimwambia Sifis. "Mbona huoni? Hakujua! Lete koti la marehemu. Liache ndani ya nailoni, usilifungue mpaka nikuambie."

*

Dakta Fokas walimkuta mkahawani saa nne na nusu, peke yake mezani, na kahawa isiyo na sukari. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alivaa koti jipya la rangi ya mchanga.

"Kristo kafufuka, Daktari."

"Kweli kafufuka, Inspekta. Nimesikia kijana wa watu bado amefungwa. Inasikitisha. Lakini hawa wachungaji hasira zao mnazijua."

"Tunazijua," alisema Argiro. "Nina shida na daftari za Mwalimu. Ameandika mambo ya nyuki, na mimi shule nilikimbia kwenye sayansi. Ningependa twende shambani unifafanulie. Ila kwanza niandike maelezo yako mafupi. Kila aliyekuja mazishini kutoka nje ya kijiji tunamwandika."

"Andika tu."

"Ulifika lini?"

"Jana alfajiri, kwa meli ya usiku kutoka Pireo. Tiketi ninayo." Aliitoa. Argiro aliitazama na kuirudisha. Aliyotaka yeye ilikuwa orodha ya abiria ya siku za Pasaka, na hiyo aliambiwa ataipata baada ya Jumapili.

"Jumatatu na Jumanne ulikuwa wapi?"

"Athene. Nyumbani, nasoma."

"Safarini ulivaa nini? Ni kwa ajili ya kamera za bandarini."

"Nilivaa hivi hivi. Koti hili."

"Zuri," alidakia Sifis. "La Pasaka hilo, Daktari? Mimi mama yangu bado ananinunulia viatu kila Pasaka."

Fokas alitabasamu kidogo. "La Pasaka, ndiyo. Nililivaa mara ya kwanza Jumapili. Mila hazimtoki mtu."

"Halijaazimwa kwa mtu?" Argiro aliuliza bila kuinua kichwa.

"Koti? Hapana, kwa nini?"

"Fomu inataka. Na ua lenyewe, hii okidi ya Mwalimu. Mara ya mwisho kuligusa ni lini?"

"Bichi?" Alifikiri. "Miaka miwili iliyopita. Alinitumia matatu kwa posta, yakafika meusi. Mwaka huu sijaliona hata kwa mbali."

"Na shambani kwake?"

"Sijakanyaga tangu mwaka juzi."

Argiro alimsomea yote kuanzia mwanzo, neno kwa neno, kwa sauti ya kuchosha ya polisi. Fokas alisaini kurasa zote mbili. Sifis alisaini kama shahidi, na mwenye mkahawa, ambaye alikuwa amesimama hapo muda wote akijifanya anafuta meza, naye alisaini.

*

Saa sita kasorobo walikuwa shambani. Jua lilikuwa limewaka kweli sasa, mvuke unapanda kutoka kwenye majani. Okidi zilisimama moja moja kati ya mawe, fupi, hazifiki hata goti, na asiyezijua angezikanyaga. Mwisho wa shamba, kabla ya genge, ulikuwako ukingo wa udongo mwekundu uliotazama kusini.

Argiro alikuwa amefunga utepe wa polisi hatua kumi na tano kutoka kwenye ukingo. "Daktari, tafadhali ubaki nyuma ya utepe. Mahali pa tukio."

"Bila shaka."

Sifis alivua koti lake akalitundika kwenye mti wa mwiba uliokuwa ukingoni. Argiro akatundika lake pembeni. Kisha Sifis akavaa glavu, akakata nailoni, akatundika la tatu, koti la zamani la marehemu, viwiko vimetiwa viraka. Alirudi nyuma akatoa simu, akaanza kupiga picha za video.

Walisubiri. Upepo ulipita. Mbwa alibweka bondeni.

Nyuki wa kwanza alipita juu ya ukingo kwa kasi, akarudi, akapita tena. Halafu wakawa watatu. Wawili walilizunguka koti la Mwalimu, na mmoja akaushukia mfuko wa kifua akaukumbatia. Makoti mawili ya polisi hayakupata mgeni.

"Hebu niambie," alisema Argiro. "Mbona lile tu?"

Fokas alisogea mpaka tumbo likagusa utepe. Macho yalikuwa yamemng'aa. Kwa dakika hiyo alikuwa mwalimu wa watu na si kitu kingine. "Ni harufu! Huyo ni dume. Mzee alikuwa na kawaida ya kuweka ua mfukoni, na ua limeacha nta yake kwenye kitambaa. Tazameni anavyogeuka, kichwa chini, mkia juu. Ndivyo chavua inavyomganda mkiani. Maajabu."

"Lakini koti limekaa kwenye nailoni tangu Jumanne. Harufu haijaisha?"

"Harufu hii si kama ya waridi, hairuki upesi. Siku kadhaa, hata zaidi."

"Na lile la Sifis? Amepita katikati ya maua haya haya."

"Kupita si kitu. Lazima ua liwe limelala kwenye kitambaa. Hawa madume hawakosei, Inspekta. Wanadanganywa na ua, ndiyo, lakini pasipokuwa na harufu yake hawaji."

"Kwa hiyo asiyeligusa ua hili mwaka huu, nyuki hamjii."

"Hamjii. Haiwezekani."

Argiro alimtazama kifuani. Sifis alikuwa bado ameishika simu, ila sasa alikuwa ameigeuzia upande mwingine.

"Daktari," alisema Argiro kwa upole. "Una mgeni."

Fokas aliinamisha macho. Juu ya koti la rangi ya mchanga, kwenye mfuko wa kifua wa kushoto, nyuki mdogo wa kahawia alikuwa ameshikilia kitambaa kwa miguu yote sita, anahangaika. Fokas alimpangusa. Nyuki akazunguka, akarudi palepale. Akaja wa pili.

"Ni... nimesimama karibu na koti la mzee."

"Hatua kumi na tano. Utepe niliupima mwenyewe."

"Maua yako kila mahali hapa!"

"Kupita si kitu. Ni maneno yako, na Sifis anayo kwenye simu. Koti umelivaa mara ya kwanza Jumapili, hujaliazima mtu, na hili shamba hujalikanyaga tangu mwaka juzi. Hayo nayo ni yako, umesaini kurasa mbili." Argiro aliinama akapita chini ya utepe, akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi kuliko Fokas kwa kichwa kizima na hakujali. "Nina mtu ndani tangu juzi. Ana mke anayekamua kondoo mia mbili na ishirini peke yake. Saa tisa wanakuja kumchukua. Sina muda wa adabu, Daktari. Nani aliliweka ua mfukoni mwako?"

Wa tatu alikuja. Fokas alianza kulivua koti kwa pupa, mkono mmoja ukanasa kwenye shati, na alipofanikiwa kulitoa akalitupa majanini. Nyuki walilifuata. Akalitazama huku akihema, kisha akaketi juu ya jiwe.

"Yeye," alisema. "Aliliweka yeye. Kila mgeni alimvisha ua, hata kabla hajamwamkua."

"Jumanne."

"Nilikuja Jumatatu usiku, kwa tiketi ya shemeji. Nilitaka tu anioneshe nyuki. Bila nyuki hotuba yangu ilikuwa nusu." Alikuwa akiongea na mawe. "Alifurahi. Tukala vitumbua. Halafu ananiambia, hivi hivi, akicheka: Leandros, ua limeshapata jina, nimelituma, linatoka baada ya Tomaso. Miaka miwili nimewaambia watu ua hili ni langu! Nikamwuliza, umeliitaje? Akanicheka. Utalisikia kwenye beseni, akasema. Kama mtoto mdogo. Nikamwomba. Akacheka tena. Nikajua amelipa jina la mkewe marehemu, na amenificha kwa sababu anajua amenidhulumu."

"Ukamsukuma."

"Mara moja tu. Sikujua genge liko karibu hivyo."

"Umezaliwa hapa," alisema Argiro. "Na fimbo?"

"Ilikuwa imeegemezwa kwenye uzio. Mchungaji alikuwa ameiacha kidogo, alikuwa akimfukuza mbuzi huko juu."

"Ukaitupa chini."

"Nikaitupa."

Sifis alitema mate pembeni. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini Stratis alikuwa swahiba wake, baba wa mtoto aliyemsimamia ubatizo, na hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alimfunga pingu Fokas mikono ikiwa nyuma, kwa nguvu zaidi ya kawaida, na Argiro aliona, akamwacha.

Kisha Argiro alikwenda kwenye begi lake, akatoa karatasi ngumu iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amejiuliza njia nzima kama ni ukatili. Aliamua si ukatili, ua ni lake.

Aliifunua mbele ya uso wa Fokas. Harufu ya shayiri ilitoka.

Mtu yule alisoma Kilatini kabla ya kitu kingine chochote, kwa kazi yake. Alisoma mstari wa kalamu ya risasi chini yake, na alipofika kwenye kofia alifumba macho.

"Pacha yake iliondoka Jumatatu Kuu," alisema Argiro. "Wewe ndiye mtaalamu. Jina linaweza kuzuiwa?"

Fokas alitikisa kichwa.

"Hata kwa sababu kama hii?"

"Likishachapishwa kwa kanuni, halifutwi." Sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri. "Litaandikwa hivyo kila mahali. Jina langu, halafu lake nyuma yake."

Nyuki mmoja aliliacha koti lililotupwa, akaja kulizunguka shati lake palepale kifuani, chini ya mahali mfuko ulipokuwa. Mikono ilikuwa nyuma. Alijaribu kumpuliza, akashindwa.

"Mfukuze," alimwambia Sifis. "Tafadhali."

Sifis alimtazama Argiro. Argiro alikuwa ameshageuka, simu sikioni, anaongea na kituo.

"Mfungulieni Stratis," alisema. "Sasa hivi, msingoje saa tisa. Na mmoja wenu aende naye nyumbani, awaambie wapwa wa Mwalimu waziwazi ni nani. Fimbo yake aniachie mpaka kesi iishe." Alisikiliza. "Najua atatukana. Mwache atukane."